Iwe la Tini la Mbwajumali

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa idara mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Imetundikwa sebuleni, na mke wangu Bi Rukia huipangusa vumbi kila Ijumaa. Lakini katika miaka yote niliyojenga ngazi za kushukia baharini, hapa Amu, Lamu ya kwenye ramani, na visiwani, saa ndicho chombo ambacho sikukihitaji hata siku moja, kwa hivyo nikajua hamkunijua sana. Halafu mkaniomba niandike kumbukumbu za kazi ziwekwe ofisini. Haya, naandika. Vyeo na mshahara nimeviacha. Cheo kilikwenda mwendo wa kobe na mshahara mnaujua wenyewe.

Jambo moja niliseme mapema msije mkashangaa mbele ya safari. Wengine wakistaafu huandika shukrani. Mimi kila nikishika kalamu kinachotoka ni wivu. Nimemwonea wivu mtu mmoja, Famau wa Mbwajumali, tangu nina nywele nyeusi mpaka sasa nywele zenyewe hazipo. Ukiutoa wivu huo katika kazi yangu, hakibaki kitu cha kusimulia ila simiti na kokoto.

Siku ya kwanza niliripoti saa mbili asubuhi, shati limepigwa pasi na viatu vya ngozi miguuni. Ukuta wa bahari ulikuwa umebomoka karibu na gati, na kazi ilikuwa kuujenga upya. Nilikuta mafundi wameshaosha mikono wanakunywa chai. Walikuwa wameanza kabla jua halijatoka, na sasa maji yalikuwa yanarudi kufunika walipofanya kazi. Nikaambiwa nije kesho, na kesho yake nikakemewa kwa kuchelewa. Juma lililofuata nikajitia hodari, nikafika alfajiri moja kwa moja kutoka msikitini. Bahari ilikuwa imejaa hadi ukingoni, hapana mtu ila punda wawili. Nikaketi ukutani mpaka jua likaniunguza kisogo, ndipo Fundi Bwanaheri akatokea, karai kichwani, anatembea kama mtu aendaye harusini.

"Ewe Athman," akaniambia, "wewe waitikia saa. Sisi twaitikia mwezi."

Fundi Bwanaheri ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, na alisema Kiamu cha wazee: maji kwake ni mai, jiwe ni iwe, chini ni tini, juu ni yuu, njoo ni ndoo. Mimi naandika kama tulivyofundishwa shule, lakini maneno yake nitayaacha kama alivyoyasema kwa sababu yakisafishwa hayana ladha. Alikuwa na wake wawili, mmoja mtaa wa Mkomani na mmoja mtaa wa Langoni, na elimu yake ya bahari aliipitisha humo humo.

"Jua na mwezi ni wake wawili wa bahari," alitueleza. "Mwezi ni mdogo, lakini yuko karibu, basi neno lake ndilo lenye nguvu. Mwezi ukiandama, wote wawili wako upande mmoja. Ukiwa mpevu, mmoja yuko huku na mwenziwe kule, lakini kamba wavutayo ni ile ile moja. Hapo bahari hana hila, lazima afuate. Hujaa sana na hutoka sana, ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mmoja avuta mbele na mwenziwe avuta ubavuni, bahari hubaki katikati hajui aende wapi. Hayo ndiyo mai mafu. Nami nijua nisemalo."

Kwa hivyo kazi yetu ilikuwa na majira yake. Siku za bamvua, maji yakitoka sana asubuhi ya saa nne au tano, tulishuka chini kabisa kufanya misingi. Zege tulilichanganya juu, kwa maji ya kisima, kamwe si ya bahari, na mawe tuliyaosha chumvi kwanza. Kisha tulishuka nalo mbio, tukalimimina, tukalifunika kwa magunia na kuyakandamiza kwa mawe kabla bahari haijarudi kutukagua. Siku za maji mafu, bahari haishuki vya kutosha, basi tulikaa juu tukichonga mawe, tukinoa patasi na kuwasengenya wakubwa. Kizazi chenu mna pampu na mashine, lakini sidhani kama hata nyinyi mmeacha hilo la mwisho.

Famau na mimi tuliajiriwa katika mwezi mmoja. Alikuja kutoka Mbwajumali, kisiwani Pate, kijana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kupiga mluzi mdogo akipima jiwe kwa jicho. Mluzi ule niliuchukia kabla sijajua kwa nini. Baadaye nikajua. Alipiga mluzi kwa sababu alikuwa na hakika, nami nilipokuwa napima, moyo ulikuwa unanidunda.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Mutua, mtu wa Kitui huko bara, mtu wa kanisa, mpole na mpenda maswali. Siku moja ya maji mafu alitukuta tumekaa akachora duara mchangani.

"Wazee, mwezi si ni moja? Mbona maji inapanda mara mbili kwa siku?"

Fundi akajifanya anakohoa.

"Mwezi inavuta maji ya upande wake kuliko inavyovuta dunia," Mutua akasema, "kwa hivyo hayo yanainuka. Lakini pia inavuta dunia kuliko inavyovuta maji ya upande wa nyuma. Hayo ya nyuma ni kama yameachwa, nayo yanabaki yameinuka. Sasa dunia ikizunguka, nyinyi mnapita kwa mwinuko wa mbele, halafu mnapita kwa ule wa nyuma. Ndiyo hizo mara mbili."

Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua hilo tangu utotoni. Famau akasema, "Sikufahamu, Bwana Mutua. Rudia." Mutua akarudia. Famau akauliza tena, "Na mbona kila siku yachelewa?"

"Kwa sababu mwezi nayo inatembea. Dunia ikimaliza mzunguko inakuta mwezi imesonga mbele, lazima iifukuze kidogo. Ndio maana kesho maji inajaa karibu saa moja nyuma ya leo."

Swali hilo la kuchelewa nilikuwa nalo tangu siku ile nilipoketi na punda. Lakini mimi ni mwana wa Amu, nyumba yetu kutoka baharini ni hatua chache, nitamuulizaje mtu wa Kitui habari za bahari? Naye Famau alizaliwa ukingoni mwa maji vile vile, na akauliza bila kupepesa jicho. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomwonea wivu. Hakuwa na haya ya kutojua.

Vingine vikafuata. Fundi alikula naye sinia moja. Mimi nilikuwa Athman tu, yeye alikuwa "mwanangu". Tulipokuwa tunaweka mawe maji yakiwa ya magoti, Fundi alimwita Famau kwa sababu alijua kulikalisha jiwe kwa kupapasa, macho yakitazama kwingine. Nilijaribu hilo nyumbani, kwenye birika kubwa la kuogea, mpaka Bi Rukia akaniuliza kama nimepoteza pete. Mnaosoma haya mwaweza kucheka. Mimi wakati ule sikucheka. Nilikuwa nalala na jina la mtu mwingine kichwani, na si jina la mwanamke.

Tuje kwenye desturi ambayo nyinyi hamkuikuta. Kila ngazi ya kushukia baharini ina jiwe la chini kabisa, la kwanza kulazwa, linalobeba mengine yote. Fundi aliliita iwe la tini. Halilazwi siku yoyote tu. Hungojewa bamvua kubwa la mwaka, siku ambayo maji hutoka mpaka hapana tena pa kutoka, ili ngazi ifike kule bahari inakofika na mtu asilazimike kurukia matopeni. Husomwa Fatiha, huchomwa ubani juu ya karai, na mtu mmoja peke yake hushuka na mwiko wa kujengea. Wengine husimama juu kimya. Baada ya saa moja hivi maji huja yakalifunika, na halionekani tena ila siku chache za mwaka. Aliyelilaza ndiye mwenye ngazi hiyo, hata kama wengine wamejenga vidato vyote vilivyobaki. Ndivyo tulivyoamini sisi mafundi. Kwa miaka mingi Fundi Bwanaheri alishuka mwenyewe, hakumpa mtu.

Kisha magoti yakamshinda. Ikaja kazi ya Mbwajumali. Pale maji yakitoka paliachwa uwanja wa matope, wanawake wakishuka mashuani na watoto na magunia wakizama mpaka mapajani, mgonjwa akibebwa kitandani na wabebaji wakianguka. Idara ikakubali kujenga ngazi ndefu. Fundi akatuita mimi na Famau akasema, "Hili ndilo la mwisho langu, na sitashuka. Atashuka mmoja wenu."

Wallahi sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilipooa nilitaka, lakini pale nilikuwa na hakika ya kupata.

Akatuuliza, "Mai yatatoka sana mwezi gani?"

Kitabu cha maji cha ofisini, chenye siku na saa za kujaa na kutoka, kilikuwa kimeondoka na mkubwa mmoja aliyehamishwa, aliyekichukua pamoja na kiti. Kwa hivyo ilikuwa ni kichwa tu. Mimi nikajibu kabla hajafunga mdomo: "Mfungo Sita, Fundi. Bamvua la Maulidi." Nilikuwa na sababu. Mwaka nilioanza kazi, na mwaka uliofuata, bamvua kubwa lilianguka mwezi wa Maulidi. Nakumbuka vizuri, mji umejaa wageni, na sisi tuko chini ya ukuta tumepakaa zege huku matari yanalia. Likanikaa kichwani kwamba Mfungo Sita ndio mwezi wa maji makubwa, kama Mfungo Mosi ulivyo mwezi wa Idi. Kwetu miezi ni hiyo. Harusi, hitima, matanga, kila kitu tumekihesabu kwa hiyo.

Famau akatazama chini, akatazama juu. Ilikuwa adhuhuri. "Bado, Fundi," akasema. "Kivuli changu bado kirefu. Jua halijaja juu yetu. Tungoje miezi miwili."

Nikamcheka. Nikasema, "Tumeulizwa habari za mwezi, mwenzangu atazama jua."

Fundi hakusema ndiyo wala la. Alisema twende Mfungo Sita tukaone. Tukaenda. Kusi ilikuwa bado inavuma, maji ya kijivu, yalitoka asubuhi na kuacha matope, na mimi nikashuka mpaka ukingo wa maji nikapiga kigingi cha mkoko. Nilikipiga kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikamwangalia Famau. Alikuwa amechuchumaa anaokota kaa, anampa mtoto wa dada yake.

Miezi miwili ikapita. Upepo ukatulia. Adhuhuri mtu alikuwa akisimama anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Mwezi ulipokuwa mpevu tukarudi Mbwajumali, na asubuhi maji yakaanza kutoka. Yakafika kwenye kigingi changu. Yakakipita. Yakaendelea kutoka, taratibu, bila kuulizana na mtu, mpaka kigingi kikabaki pakavu katikati ya uwanja, kaa wanakizunguka, na ukingo wa maji uko kule mbali ambako sijawahi kuona ardhi. Mtoto mmoja akaenda akafunga mbuzi pale.

Sasa mnajua kosa lilikuwa nini, nanyi msilirudie, maana hata leo nawasikia wazee wakilisema. Bamvua hufuata mwezi, hilo ni kweli, kila mwandamo na kila mpevu. Lakini bamvua kubwa kuliko yote hufuata na jua, siku zile mbili za mwaka jua linapopita wima juu ya vichwa vyetu. Na miezi yetu ya dini haikai mahali. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Maulidi yalikuwa yameshalikimbia bamvua, na mimi nilikuwa bado nayangoja pale pale nilipoyaacha.

Fundi akatoa mwiko wake, ule wenye mpini wa mti wa mkindu uliolainika kwa jasho lake, akampa Famau. Hakutoa hotuba. Akasema tu, "Ndoo, mwanangu, mai hayangoji." Tukasoma Fatiha. Famau akashuka. Mimi nilikuwa mtu wa kumpelekea zege, karai baada ya karai, kupita pale kigingi changu kilipo na yule mbuzi. Mara ya mwisho nilipomkabidhi karai alisema, "Shukrani, ndugu yangu," kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Afadhali angenitukana.

Watu wa Mbwajumali walisimama juu wanatazama mwana wao. Mcheza kwao hutunzwa, nikasema moyoni, na mimi nacheza kwa watu.

Siku ya pili Famau alihamishwa. Palikuwa na ukuta uliokuwa unaanguka Pate mjini, na Bwana Mutua akampeleka huko. Fundi akaniambia, "Wewe Athman, huku yuu kote ni kwako." Nikaona nimepewa sadaka. Nikajenga ngazi zile kwa hasira. Nilizichonga ncha zake mpaka ukipitisha kiganja hupati pa kukwaruzika. Kila kidato nilikipa mwinamo mdogo wa kumwaga maji, na mifereji myembamba ya kushika nyayo, maana mwani ukiota jiwe huteleza na mwanamke mwenye mtoto mgongoni hana mkono wa kujishikia. Vidato nilivipunguza kimo baada ya kumwona mama mmoja mtu mzima akipanda kwa magoti. Miezi kadhaa nilikaa kijijini pale. Walinilisha, walinizoea, watoto waliniita ami. Asiyekuwapo na lake halipo: Famau alikuwa Pate mjini, na watu wakaanza kuiita ngazi ya Athman. Niliwasikia. Haikunisaidia. Walikuwa hawajui ngazi ni ya nani, lakini mimi nilijua, na Fundi alijua, na Famau alijua, na hao ndio watu niliokuwa nawajengea.

Miaka ikaenda. Tulijenga mengine mengi, mimi huku, Famau kule. Fundi Bwanaheri akafariki baada ya Isha siku ya Alhamisi, tukamzika kesho yake kabla ya sala ya Ijumaa. Nilikuwa nimesimama karibu na kaburi, nimeshakunja mikono ya kanzu. Mwanawe mkubwa akapitisha macho juu yetu akasema, "Famau, shuka umpokee." Akashuka yeye. Tulimpa mwili, akampokea kwa mikono miwili, akamlaza. Mimi nikamwaga mchanga pamoja na watu wote. Nimesema nitaandika wivu, basi na huu nauandika: hata kaburini alishuka yeye.

Tangu hapo nikawa na safari yangu ya kila mwaka. Bamvua kubwa likikaribia, nilikuwa natafuta sababu ya kikazi ya kwenda Mbwajumali, kukagua hiki au kupima kile. Mtaona katika kumbukumbu za idara kwamba hapana ngazi iliyokaguliwa kwa bidii kama ile. Nilikuwa nashuka mpaka chini, maji yakishatoka, nakwangua chaza kwa kisu, natafuta ufa katika iwe la tini. Ufa mdogo ungenitosha. Sikuupata. Jiwe limelala pale lilipolazwa, limekaa sawa kama lililozaliwa pamoja na bahari.

Hapa nitie neno kwa ajili ya kazi. Simu zenu zinawaambia saa ya maji, nanyi mnaziamini kuliko wazazi. Sawa. Lakini ile ni saa ya bandari kubwa. Ndani ya mikondo ya Pate na Mbwajumali, ambako maji yana kona nyingi na mikoko ya kuyashika, huchelewa kufika na huchelewa kuondoka. Na upepo ukiyasukuma hayaendi yote. Pigeni kigingi, mkae mtazame bahari mwenyewe anasema nini, kisha ndipo mchanganye simiti.

Mwaka huu nimestaafu, sina tena sababu ya kikazi. Bamvua kubwa likaangukia Idi. Bi Rukia akaniona natafuta viatu vya mpira. "Wenzio Idi hutembelea jamaa zao," akasema. "Wewe watembelea jiwe." Nikamwambia nami nina jamaa mmoja mgonjwa, nakwenda kumuona kama amekufa. Akatikisa kichwa, akanifungia mkate wa sinia.

Nikaenda siku ya Idi yenyewe jioni, maji yalipojaa, nikalala kwa mtu ninayemjua. Asubuhi ya Idi pili nikashuka ufukoni. Maji yalikuwa yanatoka. Juu ya ngazi, kwenye kidato cha tatu, alikuwa ameketi mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe na mvi, amevua makubadhi, anapitisha kiganja kwenye ncha ya jiwe, huku na huku, na anapiga mluzi mdogo. Nilikuwa sijamwona Famau miaka mingi. Alihamia Malindi kwa wanawe, na mimi nilikuwa nimepanga safari zangu vizuri nisikutane naye.

Tukapeana mkono wa Idi. Nikamwambia, "Famau, jiwe lako liko chini. Huku juu wapapasa nini?"

"Napapasa lako," akasema. "Kila nikija nyumbani hukaa hapa. Natazama kama limelegea."

"Limelegea?"

"Hata kidogo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Akapapasa tena. "Umenitesa na ngazi hii, Athman."

Nikaketi kidato cha chini yake, maana magoti yangu nayo si yale.

"Mama alikuwa akizipanda mpaka mwaka aliokufa," akasema. "Akirudi pwani na kapu lake, kila akifika hapa husimama apumue, husema, Mngu amrehemu Athman, amefanya vidato vyepesi. Na mimi niko nyuma yake, nimemshika mkono. Siku moja nikashindwa, nikamwambia, mama, iwe la tini ni langu, hizi zote zimesimama juu yangu. Akaniambia, mwanangu, la tini silioni."

Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Ilinipanda furaha tangu miguuni, na haikuwa furaha ya wema. Miaka yote hiyo nilikuwa nakuja hapa kutafuta ufa, na kumbe mwenzangu alikuwa anakuja kutafuta ufa wangu.

"Lakini la chini ulilitaka," nikamwambia. "Uliulizwa habari ya mwezi ukajibu, ukapewa. Mimi nilikosea, nikakosa."

Famau akaacha kupapasa. "Mwezi?" akasema. "Athman, Fundi asijue bamvua ni lini? Si yeye aliyetufunza? Ile asubuhi kabla hatujashuka, ulipokuwa wachanganya zege, nilimwendea. Nikamwambia, Fundi, mpe Athman iwe la tini, mimi nipe za juu. Hapa ni kwetu, mamangu atazipanda. Nilimshika miguu. Akakataa."

"Akasema nini?"

Famau akaitazama bahari. Ilikuwa imefika mwisho wake, imesimama, bado haijaanza kurudi. Kule mbali iwe la tini lilikuwa limetoka nje, jeusi, limejaa chaza.

"Akasema, mtu wa tini husahauliwa, na wewe, mwanangu, utastahimili. Athman hatastahimili. Yeye mwache watu wamuone."

Maji yakaanza kurudi, yakalifikia jiwe lake, yakalizunguka, yakalifunika, na wanawake wawili wenye makapu wakapita baina yetu wakipanda, mmoja akasema, "Idi njema, Bwana Athman," na Famau hawakumtambua. Akawapisha, akawaitikia kwa niaba yangu. Nilikuwa nafikiri habari ya Fundi. Alinijua vizuri, akanipa kile ambacho nisingeweza kuishi bila hicho, na maisha yangu yote sikujua kwamba nimepewa. Na Famau, Fundi alimnyima alichokiomba kwa mikono miwili, kwa sababu alimwamini atakubali kufunikwa na maji na jiwe lake lisilegee.

Hata hilo, wallahi, namwonea wivu.